Alhamisi Isiyo na Yai

Watu watano waliondoka Kumasi Jumatatu ya Pasaka kwenda kutalii Ulaya, na watu wanne wakarudi. Katika faili lote hilo ndilo jambo pekee ambalo kila shahidi alilikubali. Mengine Inspekta Pokuaa Asiamah alikuwa ameyasoma mara tatu asubuhi ile, na kila mara aliyaona yamenyooka mno. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imemfundisha kuziogopa karatasi zilizonyooka, maana maisha ya watu hayanyooki hivyo.

Aliyebaki huko ni Yaa Dufie, msichana wa miaka tisa. Alisafiri na mama yake mkubwa, Ampomaa, muuza vitenge wa soko la Kejetia, pamoja na mume wa Ampomaa na watoto wao wawili, Kwabena na Akua. Roma siku tano, Paris siku tano, Brussels siku nne. Siku ya nane, chini ya ule mnara mrefu wa Paris, mvua ikinyesha na watalii wakisukumana, Ampomaa aligeuka nyuma na Yaa hakuwepo. Hivyo ndivyo alivyoeleza kwa polisi wa kule, na hivyo ndivyo alivyorudia kwa Pokuaa, neno kwa neno, kama mtu anayesoma ukutani. Brussels hawakufika tena.

Polisi wa Paris walitafuta vituo vya treni, hospitali na kingo za mto. Walionyesha picha ya mtoto kwenye televisheni. Mwongoza watalii ambaye Ampomaa alimshuku alikutwa kwenye kamera saa ileile akila mkate peke yake ng'ambo ya barabara, kwa hiyo huyo akaachwa. Kamera za langoni ziliwaonyesha Ampomaa, mumewe na watoto wawili. Yaa hakuonekana, lakini Ampomaa alisema alikuwa mfupi na mwavuli ulimziba. Wiki sita zilikuwa zimepita.

"Madam, yule mama amekuja tena," alisema Sajini Gyabaah, akiingia na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

Hakuwa na haja ya kusema mama yupi. Birago, mama mzazi wa Yaa na mdogo wake Ampomaa, muuza uji wa mahindi kule Bantama, alikuwa akikaa kwenye benchi la barazani kila siku tangu Mei ianze. Hakufoka wala hakulia kwa sauti. Alikaa tu, na hilo lilimuumiza Pokuaa kuliko makelele.

"Amekula?"

"Nimempa mkate. Ameushika tu, kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake."

Gyabaah alifunua bakuli lake. Ndani mlikuwa na viazi vikuu vilivyopondwa kwa mawese, vyekundu, na juu yake yai zima la kuchemsha.

"Leo ni siku yako?"

"Jumatano, Madam. Mimi ni Kwaku, niliyezaliwa Jumatano, na siku uliyozaliwa ndiyo siku ya roho yako. Mke wangu hata tukigombana tukalala mzungu wa nne, Jumatano yai lazima liwepo. Anasema ugomvi ni wangu na yeye, roho yangu haijamkosea kitu."

Pokuaa alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. Alilitazama lile yai, akaitazama karatasi iliyokuwa mbele yake, akaivuta karibu na kuvaa miwani.

Ilikuwa ratiba ya safari, kurasa mbili, iliyotengenezwa na Nsiah Berko wa mtaa wa Adum. Huyo Berko ndiye mtu ambaye familia za Kumasi humwendea zikitaka kwenda kuona miji ya watu. Kila siku ilikuwa na mstari wake: kanisa gani, jumba gani, basi la saa ngapi, wapi pa watoto kukojoa. Pembeni, kwa kalamu ya mkono, palikuwa na duara dogo na jina. Jumanne ya kwanza, Kwabena. Jumatano, Akua. Alhamisi, Yaa. Pokuaa alikuwa ameyaona maduara yale mara tatu na kuyadhani ni alama za zamu ya kuoga.

"Sajini, haya si mayai?"

Gyabaah aliinama kutazama, akitafuna. "Mayai matupu, Madam. Kila mtoto na siku ya roho yake. Eei, huyu Berko ana akili! Nani anakumbuka siku ya roho ya mtoto akiwa Roma?"

"Soma wiki ya pili."

"Jumanne, Kwabena, yai. Jumatano, Akua, yai. Alhamisi..." Aliacha kutafuna. "Alhamisi hakuna."

"Hakuna duara wala jina. 'Kufika Brussels, kupumzika.' Sasa tazama muhuri huku chini."

Muhuri wa Berko ulisema tarehe kumi na mbili ya Februari. Miezi miwili kabla mtoto hajapotea, tayari kuna mtu aliyejua kwamba Alhamisi ya pili hatakuwepo.

"Funika bakuli lako," Pokuaa alisema. "Utamalizia garini."

*

Ofisi ya Berko ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, na kuta zake zilijaa picha za madaraja na makanisa. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye suruali iliyopandishwa hadi karibu na kifua. Mji mzima ulimwita Wofa, yaani mjomba, hata watu waliomzidi umri. Mbele yake walikaa mume na mke vijana waliotaka kwenda London na watoto wao.

"Tulianze jambo kubwa kwanza," Wofa Berko aliwaambia. "Watoto wamezaliwa siku gani?"

"Wofa, si ungeuliza pasipoti?" mume alisema.

"Pasipoti ni ya ofisa wa uwanja wa ndege. Mimi nataka kumjua mtoto. Siku ya roho yake, yeye ndiye anayechagua tunakwenda kuona nini. Asubuhi anakula yai lake. Birika la hoteli linachemsha mayai matatu kwa dakika kumi, nimewauliza wateja. Mtoto akila yai lake ugenini, roho yake haibaki nyuma."

"Na wewe Wofa, ulichemshia wapi lako?" mke aliuliza kwa utani.

"Mimi sijavuka hata Togo, binti yangu. Mpishi si lazima ale kila chungu."

Pokuaa aliwasubiri wacheke wamalize, kisha akajitambulisha na kuwaomba vijana wale warudi kesho. Walitoka haraka, kama watu wote watokavyo polisi wakiingia. Gyabaah alisimama mlangoni.

"Madam Inspekta, nilishatoa maelezo," Berko alisema. "Tiketi za watano kwenda, watano kurudi. Vyumba vya watu watano, mji hadi mji. Ubalozi waliangalia, wakaridhika."

"Hata mimi niliridhika. Ni kazi safi." Pokuaa alitandaza ratiba mezani. "Hii Alhamisi ni ya nani?"

"Ya Yaa."

"Alichagua nini?"

Uso wa mzee ulilainika. "Bustani ya wanyama. Nilimwambia Roma kuna magofu ya miaka elfu mbili. Akanijibu, 'Wofa, mawe hata kwetu yapo. Mimi nataka twiga.' Nilicheka siku nzima."

"Na Alhamisi hii ya pili?"

Berko alitazama. Pokuaa aliona kidole chake kikienda juu ya ile nafasi tupu na kusimama hapo.

"Ni siku ya kusafiri," alisema. "Wanahama mji."

"Jumatano hii ya kwanza pia walizunguka kwa magari manne kutwa nzima, na Akua ana yai. Wofa, nimepitia ratiba zako kumi na moja, wateja wako wamenipa. Hujawahi kumruka mtoto."

Kusema kweli alikuwa amepitia moja tu, ile iliyokuwa mezani. Lakini askari asiyejua kudanganya kidogo akalime.

"Mtu husahau."

"Wewe hujasahau hata wapi pa kukojoa."

Chini dukani mtu alikuwa akipatana bei ya makubazi.

"Nani alikwambia mtoto hatakuwepo? Ampomaa?"

"Hapana."

"Mumewe?"

"Hapana, Madam. Niache."

"Sikuachi. Mtoto wa miaka tisa yuko nchi ya watu, wiki ya saba inaingia. Umeandika watu watano kwenye tiketi, watano hotelini, watano kwenye barua ya ubalozi, na ulijua watarudi wanne. Uliweza kudanganya kote huko. Kwa nini hukuchora duara moja tu nami nisijue?"

Wofa Berko alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini hakutembea uchi.

"Karatasi ya ubalozi ni karatasi," alisema. "Mtu anaandika wanachotaka kusoma wao. Lakini siku ya roho ya mtoto! Niandike yai, wengine walichemshe, wamwite Yaa mahali ambapo hayupo? Hivyo huitwa wafu, Madam. Wewe ni mtu wa hapa, unajua. Mimi nina wajukuu. Sikuweza."

Pokuaa alijua. Hata yeye asingeweza, na hilo lilimnyima hasira aliyokuwa akiitaka.

"Basi nani alikuambia?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mama yake. Birago. Alikuja na mtoto kuchagua. Mtoto alipotoka kutazama picha, akaniambia taratibu, 'Wofa, mwanangu atakuwa nao Alhamisi moja tu. Mfanyie iwe nzuri.' Nikamuuliza, na ya pili? Akasema, 'Ya pili atakuwa kwake.'"

*

Njiani Gyabaah hakusema utani hata mmoja. Walipofika kituoni Birago aliinuka kwenye benchi, kama alivyoinuka kila mara mlango wa gari ulipofunguka, na kama kila mara alitazama kwanza kiti cha nyuma.

Pokuaa alimwingiza ofisini, akamkalisha, akafunga mlango. Hakuwasha feni, maana ilipiga kelele.

"Maame Birago, nimetoka kwa Wofa Berko."

Mkate wa asubuhi ulikuwa bado mkononi mwa Birago, umefinyangwa ukawa donge.

"Mtoto hakupotea mnarani."

"Hapana, Madam."

Ilisemwa kirahisi hivyo, baada ya wiki sita. Gyabaah, aliyeshika kalamu, alisahau kuandika hadi Pokuaa alipomtazama.

"Yuko kwa nani?"

"Kwa Badu na mkewe. Ni watu wa hapa, wa kanisa letu la zamani, wana miaka kumi na tano kule. Mungu hakuwapa mtoto. Walisema watamlea awe wao, asome. Yaa ni wa kwanza darasani, Madam, tangu chekechea. Mimi nakoroga uji. Baba yake alishafariki. Ningempeleka wapi na akili ile?"

"Kumpa mwenzako mtoto amlee si kosa," Pokuaa alisema. Yeye mwenyewe alilelewa na shangazi yake kule Obuasi, na hakumlaumu mtu. "Kwa nini mlisema amepotea?"

"Viza zilitaka watano warudi. Shemeji aliogopa, wakirudi wanne bila sababu hatapewa tena, yeye na watoto wake. Basi tukakubaliana. Wampeleke kwa Badu Jumapili. Jumatatu waende mnarani wanne, waseme amepotea. Watatafuta wiki moja, wataacha, Yaa atakuwa anasoma. Hivyo ndivyo tulivyopanga. Tulipanga sebuleni kwa dada yangu, tukinywa soda."

Pokuaa aliyakumbuka maelezo ya Ampomaa, yale yaliyonyooka. Aliona aibu kwamba kisingizio cha mwavuli kilimtosha.

"Mlizungumza naye?"

"Jumapili mbili, baada ya ibada. Ya kwanza alisema kuna baridi. Ya pili alisema amejifunza kuhesabu kwa lugha yao hadi hamsini, akanihesabia zote. Nilimsikiliza hadi mwisho. Ya tatu simu imezimwa. Hadi leo imezimwa."

"Ndipo ukaja kwetu."

"Ndipo nikaja."

"Ukaja kukaa kwenye benchi! Wiki zote hizi wenzetu wanatafuta mtoni na vituoni, na wewe una nyumba, una jina la mtu. Maame, kwa nini hukufungua mdomo?"

Sauti ilikuwa imempanda, akaishusha. Birago aliliweka donge la mkate mezani taratibu.

"Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Nikifika naona niseme nini? Kwamba aliyempoteza ndiye anayelia? Na dada yangu atafungwa, na watoto wake je? Nikasema labda mtampata tu, bila mimi kusema. Nyinyi si polisi?"

Gyabaah aligeuza uso ukutani.

"Unajua wanapoishi?"

Birago hakujua kusoma Kifaransa, lakini aliitaja anwani ile yote kwa moyo: namba ya jengo, mtaa, ghorofa ya nne, mlango wa kushoto. Aliitaja kama mtu anayesali. Pokuaa aliiandika, akamsomea, akamwekea kidole chake kwenye wino na kumsainisha maelezo. Kisha akampigia Mrakibu Laryea, wa ofisi ya Accra inayowasiliana na polisi wa nje.

Walisubiri. Pokuaa alituma askari wawili wa kike wakamlete Ampomaa kutoka sokoni, bila pingu na bila kumwaibisha mbele ya wateja. Birago aliletewa chai, safari hii akainywa. Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho hakikuwepo kwa wiki zote zile, na Pokuaa alikitambua kwa huzuni: yule mama alikuwa ameanza kutumaini.

Simu ililia saa tisa na dakika ishirini.

"Pokuaa," sauti ya Laryea ilisema, "wenzetu wamefika. Wako hapo ghorofani sasa hivi, niko nao kwenye laini nyingine. Nyumba ni tupu."

"Tangu lini?"

"Kuna jirani, mzee. Anasema walikaa hapo mume, mke na msichana mdogo, mpole, alikuwa akimsalimia kwenye ngazi. Kisha picha ya mtoto ikarudiwa kwenye televisheni, mwisho wa Aprili. Asubuhi yake hawakuwepo. Wamebeba masanduku mawili na mtoto."

Pokuaa alifunga macho. Hakuna mwizi aliyewafuata kina Badu, wala mnyang'anyi. Walikimbia ule uongo wa sebuleni, uliovuka bahari na kuwabishia hodi.

"Wamesemaje?" Birago aliuliza. "Yupo? Amevaaje?"

"Alikuwepo. Alikuwa mzima, anasalimia watu." Pokuaa aliona ni haki amwambie yote, akamwambia, na picha pia. Birago alisikiliza. Kisha akasema polepole kwamba picha ile aliichagua yeye, ile ambayo Yaa anacheka, ili watu wa Paris wamwonee huruma.

"Pokuaa, uko hapo?" Laryea aliendelea. "Si habari mbaya yote. Sasa tuna majina, na gari lao linajulikana. Kila askari barabarani atapewa. Wanauliza kitu kimoja. Wakisimamisha gari, wakamkuta mume, mke na mtoto wa umri huo, karatasi zao zinaweza kuwa za kughushi na zikapita. Itabidi wamuulize mtoto mwenyewe. Ana miaka tisa, ana akili. Atasema mama yake ni nani?"

Pokuaa aliweka kiganja juu ya simu.

"Maame, polisi wakimuuliza Yaa, atasema yeye ni mtoto wako?"

Birago alikisukuma kikombe cha chai mbali naye.

"Nilimfundisha, Madam."

"Ulimfundisha nini?"

"Mtu yeyote mwenye sare akimuuliza akiwa na kina Badu, aseme hawa ndio baba na mama yangu. Nilimkaririsha wiki nzima kabla ya safari, asubuhi nikikoroga uji. Nani mama yako? Mara ya kwanza akasema, mama yangu ni Birago." Alipumua. "Nikampiga kofi."

"Na mara ya pili?"

"Hajakosea tena. Ukimwambia kitu Yaa mara moja, ameshika."

Kwenye simu Laryea alikuwa akiita halo, halo. Pokuaa aliondoa kiganja.

"Waambie wakimpata wasimuulize mama yake ni nani," alisema. "Atamkataa."